Elektroni ionekane kwanza, ndipo jedwali lifunguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie mada moja ya kemia ambayo kila mwaka huwaacha wanafunzi wengi wa sekondari wakiwa na majibu kwenye karatasi lakini hawana picha yoyote kichwani, nayo ni mimenyuko ya oksidesheni na ridaksheni, yaani kupoteza na kupokea elektroni, pamoja na potenshali za seli, yaani volti ambazo seli za umeme hutoa. Nimefundisha mada hii kwa miaka mingi na nimesahihisha madaftari yake rundo baada ya rundo, na sasa naamini kwamba ugumu wake hautokani na kemia yenyewe bali na mpangilio tunaoutumia kuifundisha. Tunaanza na istilahi, tunafuatisha kanuni, tunaishia kwenye jedwali la namba za potenshali, na elektroni, ambayo ndiyo mhusika mkuu wa kisa chote, hutajwa kwa kupita tu.

Nitoe mfano ulionifanya nikae chini niandike. Muhula uliopita nilitoa swali kuhusu seli iliyoundwa kwa shaba na fedha. Jedwali linasema kwamba potenshali sanifu ya shaba ni volti +0.34 na ya fedha ni volti +0.80, hivyo seli hiyo inatoa volti 0.46. Mwanafunzi mmoja, mwenye mwandiko safi na hesabu zilizopangwa mstari kwa mstari, aliandika volti 1.26. Nilifuatilia kazi yake nikaona alipokosea: kila atomi ya shaba hutoa elektroni mbili na kila ioni ya fedha (atomi yenye chaji) hupokea moja, kwa hiyo aliuzidisha mlinganyo wa fedha kwa 2, na pamoja nao akaizidisha ile 0.80 ikawa 1.60, kisha akatoa 0.34. Nilipomwita na kumwuliza, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, elektroni lazima zilingane pande zote mbili, ndiyo maana nilizidisha kila kitu." Jibu lake lilikuwa na mantiki kamili. Alikuwa ametii kila kanuni tuliyompa, na hakuna aliyewahi kumweleza volti ni kipimo cha nini. Nitarudi kwake baadaye, kwa sababu kosa lake ndilo mlango mzuri kuliko yote wa kuingilia katika mada hii.

Kwanza niseme jambo kuhusu maneno. Neno oksidesheni lilizaliwa katika karne ya 18, enzi za Antoine Lavoisier, likiwa na maana ya kitu kuungana na oksijeni, kama chuma kinapopata kutu au magnesiamu inapowaka kwa mwanga mkali. Neno ridaksheni ni la wafua vyuma, na asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kurudisha: mawe ya madini yalitiwa tanuruni pamoja na makaa, na metali iliyokuwa imefungwa ndani yake ikarudishwa katika hali yake. Michael Faraday alipochapisha maneno anodi, kathodi, elektroliti na ioni mwaka 1834, hakuna mtu duniani aliyejua kwamba kuna kitu kinachoitwa elektroni, maana J. J. Thomson aliitambua mwaka 1897. Maneno yetu yote ya msingi, basi, yaliundwa na watu waliokuwa wakieleza matokeo ya tukio ambalo mtendaji wake walikuwa hawajamwona. Siwalaumu hata kidogo, walifanya kazi kubwa. Ninachouliza ni kwa nini mtoto wa leo, aliyekwisha kujifunza muundo wa atomi, apitishwe tena katika giza lilelile kabla ya kuonyeshwa kile ambacho sisi tayari tunakijua.

Katika Kiswahili tatizo hili lina sura yake ya pekee. Walimu wengi, kwa nia njema, huifasiri ridaksheni kuwa ni kupunguza. Mwanafunzi akisikia kwamba ioni ya shaba imepunguzwa, anaelewa kama ambavyo kila msemaji wa Kiswahili angeelewa, kwamba imepungukiwa na kitu, na kwa kuwa kinachozungumzwa ni elektroni, anaandika kwamba ioni imepoteza elektroni. Ukweli ni kinyume chake kabisa, kwani ioni ya shaba imepokea elektroni mbili ikarudi kuwa metali. Kama ni lazima kufasiri, basi neno kurejesha liko karibu zaidi na asili, na halimpotezi mtoto. Vilevile anapoambiwa kwamba kioksidishaji chenyewe hakioksidishwi bali hupata ridaksheni, huona kama anachezewa akili. Lakini Kiswahili kina utaratibu wake wa vitenzi ambao hulainisha jambo hili vizuri sana, ila hatuutumii. Mpokonyaji hupokonya, mpokonywaji hupokonywa. Aliyepokonya ndiye aliyebaki na kitu, na aliyepokonywa ndiye aliyekipoteza. Kioksidishaji ni mpokonyaji wa elektroni, na hakuna mtoto atakayeshangaa kwamba mpokonyaji ameondoka na kitu mkononi. Nimelitumia neno hili darasani, na swali ambalo zamani lilikula kipindi kizima sasa huchukua dakika tano.

Baada ya maneno, kuna kuona kwa macho. Chukua kipande cha zinki, kisugue kwa msasa mpaka king'ae, kisha kitumbukize katika mmumunyo wa salfeti ya shaba, yaani mrututu. Muda si mrefu mng'ao wa zinki unapotea, uso wake unaanza kuota kitu cheusicheusi chenye sura ya masizi, na dakika zikizidi kwenda utando huo unakuwa mzito na kuchukua rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Ukikiacha kwa saa kadhaa huku ukikoroga mara kwa mara, rangi ya buluu inafifia mpaka mmumunyo unakaribia kukosa rangi kabisa. Hapo ndipo ninapowauliza wanafunzi maswali mawili tu: buluu imekwenda wapi, na zinki iliyoliwa imekwenda wapi? Nawaacha wabishane. Wengi husema zinki imefunikwa na kutu. Mmoja akikikwangua kipande akakuta kimekonda, ubishi unabadilika, kwa sababu sasa wanajua kwamba zinki imeingia majini na shaba imetoka majini, na kwamba moja isingetokea bila nyingine.

Kilichotokea ni kwamba kila atomi ya zinki imeziachia elektroni zake mbili, ikawa ioni na kuzama katika mmumunyo, na elektroni hizohizo mbili zimechukuliwa na ioni moja ya shaba, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiyapa maji rangi ya buluu. Kwa kila gramu 65.4 za zinki zinazopotea, hujitenga gramu 63.5 za shaba, si zaidi wala si pungufu, kwa kuwa elektroni zilizotoka ni zilezile zilizopokelewa. Hakuna utoaji usio na mpokeaji. Oksidesheni na ridaksheni ni tukio moja lililotazamwa kutoka pande mbili, na tunapoligawa katika nusu mbili kwenye daftari tunafanya hivyo kwa urahisi wa kuhesabu tu. Namba za oksidesheni nazo ni za namna hiyohiyo: ni utaratibu wa kuweka hesabu, si chaji halisi. Tunaposema manganisi katika ioni ya pamanganeti ina namba +7, hatumaanishi kwamba atomi hiyo imeng'olewa elektroni saba na kubaki uchi, bali tumezihesabu elektroni za vifungo vyake kana kwamba zote zimekwenda upande wa oksijeni. Mwanafunzi anayejua hilo hatashangaa akikuta oksijeni ina namba −1 katika peroksidi ya haidrojeni badala ya −2 aliyoikariri.

Hatua inayofuata ndiyo nzuri kuliko zote, na inanisikitisha kwamba katika madarasa mengi huchorwa ubaoni kwa dakika mbili na kufutwa. Tuwatenganishe mtoaji na mpokeaji. Zinki ikae katika bika lake lenye salfeti ya zinki, shaba ikae katika bika jingine lenye mrututu, na kati yao upite waya. Sasa elektroni haziwezi tena kuruka moja kwa moja kutoka kwa zinki kwenda kwa ioni ya shaba, na njia pekee iliyobaki ni waya, na elektroni zinazopita katika waya ndizo umeme wenyewe. Seli ya namna hii iliundwa na John Frederic Daniell mwaka 1836, na katika hali sanifu hutoa volti 1.10.

Lakini ukiunganisha waya peke yake, mshale wa kipimo hautikisiki. Mwanafunzi aliyekariri mchoro husema, "Tumesahau daraja la chumvi," na ukimwuliza kazi yake, hujibu kwamba linakamilisha sakiti, jibu ambalo ni kweli na halielezi lolote. Wengi wao, ukiwapa kalamu wachore njia ya elektroni, huzipitisha kwenye waya mpaka shaba, kisha wakaziogelesha majini na kuzirudisha kwa zinki kupitia darajani. Elektroni haziogelei. Hazipiti kabisa katika mmumunyo, na wala hazipiti katika daraja. Zinki inapotoa ioni zake, bika lake linaanza kujaa chaji chanya, na huko kwenye shaba ioni chanya zinapoondoka majini, zinaachwa nyuma salfeti zenye chaji hasi. Mrundikano huo mdogo sana unatosha kuzizuia elektroni zisiendelee kutoka, kama vile mtu anavyovutwa nyuma na kile alichokiacha. Daraja la chumvi, ambalo linaweza kuwa kipande cha karatasi ya chujio kilicholoweshwa katika naitreti ya potasiamu, huruhusu ioni hasi ziende upande wa zinki na ioni chanya ziende upande wa shaba, na mizani ya chaji ikarudi. Mimi hufanya hivi: mshale ukiwa umesimama kwenye namba yake, nakiinua kile kipande cha karatasi kwa koleo, mshale unaanguka hadi sifuri, nakirudisha, unapanda. Nakiinua tena, nakirudisha tena. Hufanya hivyo mara nne au tano bila kusema neno, mpaka mwanafunzi mmoja aseme mwenyewe kwamba pale kuna kitu kinachopita ambacho si elektroni.

Kabla ya kuviondoa vifaa mezani, naweka voltimita ya namba mahali pa ile ya mshale, kisha nabadilisha nyaya zake, iliyokuwa upande wa zinki ikaenda upande wa shaba. Namba inayosomeka inakuwa −1.10. Hakuna kilichobadilika katika seli, na mwanafunzi anaona kwamba alama ya kutoa inamweleza tu elektroni zinatoka upande gani wa kipimo. Naomba walimu wenzangu wasiipite hatua hii, kwa sababu nusu ya hofu ya mada hii ni hofu ya alama.

Kuhusu alama, kuna fumbo jingine la anodi na kathodi. Katika seli inayozalisha umeme anodi ni hasi, na katika elektrolisisi anodi ni chanya, na mtoto hulazimishwa akariri yote mawili kana kwamba ni sheria mbili. Sheria ni moja tu: anodi ni mahali ambapo kitu kinapoteza elektroni, na kathodi ni mahali ambapo kitu kinapokea. Zinki inayoachia elektroni zake kwa hiari inaurundikia waya elektroni, kwa hiyo upande wake ni hasi, lakini katika elektrolisisi ni chanzo cha umeme cha nje kinachozinyonya elektroni kwa nguvu, kwa hiyo upande huo unaunganishwa na ncha chanya. Katika betri ya kuchajiwa, bamba lilelile huwa anodi betri inapotumika, na huwa kathodi inapochajiwa.

Sasa nirudi kwa yule mwanafunzi wa volti 1.26. Potenshali ya elektrodi haiwezi kupimwa ikiwa peke yake, kama ambavyo huwezi kupima nguvu za mtu katika mchezo wa kuvutana kamba akiwa hana mpinzani. Unachopima siku zote ni tofauti ya wavutaji wawili. Ili kila mmoja apewe namba yake, wanasayansi walimchagua mpinzani mmoja wa kudumu, elektrodi sanifu ya haidrojeni, wakakubaliana kwamba namba yake ni sifuri. Zinki ikishindanishwa na haidrojeni hupata volti −0.76, maana yake ioni zake huvuta elektroni kwa nguvu ndogo kuliko ioni za haidrojeni, na shaba hupata +0.34, maana yake huvuta kwa nguvu kubwa zaidi. Zikutanishe zinki na shaba, umbali kati ya −0.76 na +0.34 ni 1.10, na hiyo ndiyo namba tuliyoiona mezani. Anayeelewa hivi hana haja ya kuuliza ajumlishe au atoe. Anayekariri ndiye anayeigeuza alama ya zinki kuwa +0.76 kwa sababu mlinganyo wake umegeuzwa, kisha akaitoa kwenye 0.34 kwa sababu kanuni inasema kathodi toa anodi, akapata −0.42, na kuandika kwamba seli ya Daniell haiwezi kufanya kazi. Wapo waandishi wa vitabu, hasa wa Marekani, ambao zamani waliorodhesha potenshali za oksidesheni zenye alama zilizo kinyume na hizi, hadi Umoja wa Kimataifa wa Kemia Safi na Tumizi ulipoliweka jambo hili sawa katika mkutano wake wa Stockholm mwaka 1953. Anayetumia kitabu cha kale na kipya kwa pamoja bila kujua hilo atachanganyikiwa, na hatakuwa na kosa.

Kwa nini basi 0.80 haizidishwi kwa 2? Kwa sababu volti si wingi wa nishati. Volti 1 ni jouli 1 kwa kila kulombi 1 ya chaji. Ni nishati kwa kila fungu, si nishati ya mzigo mzima. Maji yanayodondoka kutoka mahali palipoinuka mita 10 huanguka mita 10 yawe ndoo moja au ndoo mia, ingawa ndoo mia zitafanya kazi mara mia zaidi. Ukiuzidisha mlinganyo wa fedha kwa 2, umeongeza idadi ya elektroni, na nishati yote kwa jumla imeongezeka mara mbili, lakini urefu ambao kila elektroni inaanguka umebaki palepale. Nilipomweleza yule mwanafunzi hivyo, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Kwa hiyo, Mwalimu, siku zote potenshali zinajumlishwa tu?" Hapana, na nilifurahi kwamba ameuliza.

Chukua chuma. Ioni yenye chaji +3 ikipokea elektroni 1 na kuwa +2, potenshali ni volti +0.77. Ioni ya +2 ikipokea elektroni 2 na kuwa metali, potenshali ni −0.44. Mtu akitaka potenshali ya kutoka +3 moja kwa moja hadi metali, atashawishika kujumlisha na kupata +0.33, na atakuwa amekosea hata upande wa alama. Hapa ni nishati zinazojumlishwa, si volti, na nishati inategemea idadi ya elektroni. Elektroni 1 kwa 0.77, ukijumlisha na elektroni 2 kwa −0.44, unapata 0.77 toa 0.88, yaani −0.11, na ukiigawa kwa elektroni zote 3 unapata takriban −0.04. Jibu hili ndilo lililomo kwenye majedwali. Tunapojumlisha nusu mbili za seli kamili hatuhitaji hesabu hii kwa sababu idadi ya elektroni zinazotoka na zinazoingia ni moja, kwa hiyo inajifuta yenyewe. Yote haya yamo katika mlinganyo mfupi unaosema kwamba badiliko la nishati huru ni hasi ya idadi ya moli za elektroni mara kulombi 96,485 (chaji ya moli moja ya elektroni) mara potenshali, na ningependa mlinganyo huo ufundishwe pamoja na potenshali, si mwaka mzima baadaye katika mada nyingine kana kwamba havijuani.

Yapo mambo ambayo jedwali halisemi, na mwanafunzi anapaswa kuambiwa mapema asije akalidai lisichokuwa nacho. Potenshali inaonyesha mmenyuko unaelekea upande gani, haionyeshi utakwenda kwa kasi gani. Aluminiamu ina −1.66, chini kabisa ya zinki, na kwa kufuata namba hiyo ingetakiwa kuliwa upesi na maji, lakini inadumu miaka kwa kuwa imejivika utando mwembamba na mgumu wa oksidi yake. Lithiamu ina −3.04 na sodiamu −2.71, na bado ukizitupia majini sodiamu ndiyo inayokimbia juu ya maji kwa vurugu huku lithiamu ikitokota taratibu. Ioni ya lithiamu ni ndogo sana na hukumbatiwa na molekuli za maji kwa nguvu kubwa, na nishati hiyo ya kukumbatiwa ndiyo inayoishusha namba yake kiasi hicho, ilhali kasi ya mmenyuko hutegemea mambo mengine. Nimeshuhudia mwanafunzi akinyimwa alama kwa kuandika kwamba sodiamu humenyuka na maji kwa kasi zaidi ya lithiamu, eti kwa sababu msahihishaji alitazama jedwali. Alichoandika kilikuwa sahihi.

Jedwali pia ni la hali sanifu, yaani nyuzijoto 25, mkolezo wa mola 1 kwa lita na gesi katika kanieneo sanifu. Nje ya hapo tunamhitaji Walther Nernst, mwanakemia Mjerumani, ambaye mwaka 1889 alionyesha jinsi mkolezo unavyobadilisha volti. Kwa seli ya Daniell, ioni za zinki zikiwa nyingi mara 10 kuliko za shaba, volti hushuka kwa takriban 0.03 tu, ndiyo maana seli hushikilia nguvu zake kwa muda mrefu, kisha huzimika kwa ghafla pale ioni za shaba zinapokaribia kwisha.

Faida ya kuelewa haya si ndogo. Bati la chuma lililopakwa zinki likikwaruzwa, chuma kilichojitokeza bado kinalindwa, kwa kuwa zinki yenye −0.76 hutangulia kutoa elektroni kabla ya chuma chenye −0.44. Lakini kopo la chuma lililopakwa stani yenye −0.14 likikwaruzwa, mambo yanageuka, chuma ndicho kinachotangulia, na kutu inakimbia kuliko kama kisingepakwa kitu. Mwanafunzi aliyeiona elektroni akilini anaweza kueleza tofauti hiyo kwa sentensi mbili. Aliyekariri jedwali hawezi, ingawa namba zote tatu anazo mbele yake.

Ninachoomba kwa walimu wenzangu na kwa watunga mitihani si kikubwa. Tutenge vipindi viwili vya mwanzo kwa zinki, mrututu na daraja la chumvi, vitabu vikiwa vimefungwa, na shule isiyo na voltimita bado inaweza kufanya ile sehemu ya kwanza kwa bika moja. Na wewe, Mhariri, kama gazeti lako litaendelea kuchapisha maswali ya mazoezi kwa wanafunzi wa sekondari, naomba mara moja uchapishe swali lisilo na namba hata moja, nami nalitoa hapa. Zinki ikitumbukizwa katika mrututu huota shaba, na shaba ikitumbukizwa katika naitreti ya fedha huota fedha. Bila kutazama jedwali, tabiri kitakachotokea zinki ikitumbukizwa katika naitreti ya fedha, na kitakachotokea fedha ikitumbukizwa katika mrututu, kisha eleza kwa kila jibu elektroni zimetoka wapi na zimekwenda wapi.

Wako,
Mwalimu wa kemia, sekondari